Mtoto kaleta The Outsiders nyumbani? Namna ya kumsaidia kuanzia pale Bob anapokufa

Wazazi wenzangu mlio huku Marekani, kama una mtoto wa gredi ya saba au ya nane jiandae, iko siku ataingia na kitabu chembamba kinaitwa The Outsiders. Kakiandika S. E. Hinton, dada wa Tulsa, Oklahoma, alikianza akiwa na miaka 15 na kilipotoka Aprili 1967 alikuwa na 18 tu, yaani mtoto kawaandikia watoto wenzake, ndo maana mpaka leo mashule hayajakiacha. Sasa maswali mengi wanayopewa yanazunguka tukio moja, kijana maskini anaitwa Johnny kamchoma kisu Bob, kijana wa kitajiri, Bob kafa, halafu mtoto anaulizwa nini kilifuata, nani kabadilika, kosa la nani. Hapo wengi wanakwama. Anakuja kwako, wewe kitabu hujakigusa, unamwambia soma tena, anasoma tena, anaandika "walikimbia wakajificha kanisani" halafu anafunga daftari.

Hutakiwi kuwa ticha ndo umsaidie, na hata Kiingereza cha kuungaunga kinatosha. Ila kitabu lazima ukisome. Kina chapta 12, anayehadithia ni kijana wa miaka 14 kwa hiyo lugha yake ni ya kawaida kabisa, wikiendi moja unamaliza. Kama macho yamechoka na shifti za usiku, maktaba nyingi za huku zinaazima vitabu vya kusikiliza bure kupitia simu, weka masikioni ukiwa kwenye basi.

Muvi msitegemee. Ile ya Francis Ford Coppola ya 1983 ni nzuri na mtoto aangalie tu akishamaliza kusoma, lakini ile iliyotoka kwanza ilikatwa, mambo ya mahakamani hayamo kabisa, yalirudishwa kwenye toleo refu la 2005. Na hayo ndiyo anayoulizwa! Mtoto aliyeangalia muvi fupi tu anadhani Johnny akifa na rafiki yake Dally akifa stori imeisha, wakati chapta mbili za mwisho ndo zinabeba uzito wote wa kile kifo cha kwanza. Ticha anamjua huyo mtoto ndani ya mistari miwili.

Mazingira uyapitie haraka, usimchoshe. Kuna makundi mawili ya vijana, Greasers ndo wa upande wa mashariki wa mji, watoto wa hali ya chini wenye nywele ndefu za mafuta, na Socs ndo watoto wa kishua wa upande wa magharibi, wana magari na makoti mazuri (tamka "soshiz", ukisema "soks" mtoto atakucheka mpaka kesho). Ponyboy ndo msimuliaji, ni Greaser, wazazi wake walikufa kwa ajali ya gari, analelewa na kaka zake Darry wa miaka 20 na Sodapop wa 16. Johnny, rafiki yake na Greaser mwenzake, ana miaka 16, kwao anapigwa na baba, mama anamgombeza au hamwoni kabisa, na miezi kadhaa kabla Socs walimpiga nusu ya kufa na mmoja wao alikuwa amevaa pete vidoleni. Tangu siku hiyo anatembea na kisu cha springi. Mwenye pete alikuwa Bob. Mtoto akikosa hiyo pete basi hataelewa kwa nini Johnny alichomoa kisu, kwa hiyo mrudishe chapta ya pili ahakikishe.

Haya, tukio lenyewe liko chapta ya nne, na hapa kuna mtego. Usiku wa manane bustanini Socs watano wamelewa, wanamzamisha Ponyboy kichwa kwenye kibwawa cha maji, anakosa pumzi, anazimia. Akizinduka, Bob kalala kwenye damu na Johnny kakaa pembeni na kisu mkononi. Kwa hiyo Ponyboy HAKUONA. Kitabu kizima kinasimuliwa na mtu aliyekuwa hajitambui wakati mtu anakufa kwa ajili yake. Watoto wengi wanaandika "Ponyboy alimwona Johnny akimchoma Bob" na marks zinapungua kihalali. Mwambie aweke alama ya penseli hapo pembeni kwa sababu baadaye kwenye chapta ya 11 hilo jambo linarudi kwa nguvu.

Sasa kazi yenyewe. Chukueni daftari, kila mhusika ampe ukurasa wake: Johnny, Dally, Ponyboy, Cherry, Randy. Kwenye kila ukurasa ajibu vitu vitatu tu, huyu alifanya nini saa za mwanzo baada ya kifo, alimzungumziaje Bob, na mwisho wake ukoje. Na kila jibu aandike namba ya chapta. Asiandike "alihuzunika" au "aliogopa" peke yake, aandike kitendo. Ukimwacha aandike hisia tupu ataandika kurasa kumi ambazo hazina kitu.

Johnny ndo rahisi kuanza naye. Saa za mwanzo yeye ndo mtulivu, Ponyboy anatetemeka na kulia kuhusu kiti cha umeme, Johnny anaeleza polepole kwamba wangemuua mwenzake na wangempiga yeye tena kama mara ile. Yeye pia ndo anayekumbuka waende kwa Dally. Utulivu huo usimdanganye mtoto. Wakishafika kwenye lile kanisa bovu mlimani, wamejificha, wamekatana nywele na Ponyboy kapakwa dawa zimekuwa za njano, ndo Johnny linamshuka, kwamba yule alikuwa kijana tu na yeye kamuua na ataishi nalo. Ni mistari michache, ila hapo ndo utaona Bob akianza kuwa mtu. Kabla ya hapo alikuwa pete na gari.

Dally anaandikwa vibaya sana na watoto, wanamweka kama mhuni anayesaidia wahuni. Muulize mwanao: mtu kaamshwa usiku kwenye nyumba ya watu kuna kelele za pati, kaambiwa rafiki yako kaua, anauliza maswali mangapi? Hana maswali. Anatoa dola 50, bastola, anampa Ponyboy jaketi lake kwa sababu kalowa, anawaambia treni ya mizigo ya saa tisa na robo usiku iwapeleke Windrixville na kanisa liko wapi. Huyu kazoea. Keshafungwa jela akiwa na miaka 10, anajua mtu akiua anafanyaje, na kwa kweli hilo ndo la kusikitisha, kwamba mtu mzima pekee waliyemfikiria kumkimbilia ana miaka 17 na siyo mtu mzima. Hakuna mzazi, hakuna mchungaji, hakuna ticha, hakuna jirani. Kama mtoto wako anatafuta hoja ya insha aliyoifikiria mwenyewe, hiyo hapo, aichukue.

Cherry alikuwa mpenzi wa Bob, na yeye ndo anayewapa Greasers habari za Socs na kukubali kusema ukweli kwamba Bob alikuwa amelewa na walikuwa wanatafuta ugomvi. Halafu chapta ya nane Ponyboy anamwomba aende kumwona Johnny hospitali, anakataa, kwamba huyo kamuua Bob, na Bob alikuwa na upande mzuri ambao wao hawakuuona. Watoto wanamwita mnafiki. Mimi sikubali hata kidogo. Anaweza kuwa tayari kumtetea mtu mahakamani na bado asiweze kumtazama usoni, sisi wenyewe misibani tumeyaona hayo mara ngapi, mtu anachanga rambirambi, anapika, anaosha vyombo, lakini chumba fulani haingii. Mwache mtoto abishane na wewe hapo, akibishana vizuri keshapata aya nzima.

Randy ni rafiki wa Bob na alikuwepo usiku ule. Chapta ya saba anamwita Ponyboy kwenye gari na kusema hataenda kwenye pigano kubwa la Greasers na Socs, kachoka, wakishinda au wakishindwa hakuna kitakachobadilika na Bob atabaki kafa. Anasema pia kuhusu wazazi wa Bob, hawakuwahi kumwambia hapana kwa chochote, Bob alikuwa anatafuta mtu wa kumwekea mpaka hakumpata. Mzazi ukisoma hapo utajiuliza mambo yako mwenyewe, jiulize, lakini usigeuze jioni ya homuweki kuwa mahubiri. Cha kumwonyesha mtoto ni kwamba wazazi wa Johnny walimpiga na kumtelekeza, wazazi wa Bob walimwachia kila kitu, na vijana wote wawili wakaishia kwenye kibwawa kimoja. Mwandishi hakusema hivyo kwa maneno, kawaweka tu sambamba.

Kabla ya Ponyboy mwenyewe, kuna moto. Dally anawafuata siku ya tano, wanaenda kula, Johnny anatangaza kwamba anarudi kujisalimisha, wakirudi wanakuta kanisa linawaka na watoto wa shule wako ndani. Wanaingia, wanawaokoa, paa linamwangukia Johnny mgongoni. Magazeti yanawafanya mashujaa. Sasa angalia, watoto wengi wanaandika kwamba kuokoa wale watoto "kulifuta" kosa la kumuua Bob. Nenda pole pole hapo. Johnny alishaamua kurudi KABLA hajaona moshi, na hata baada ya kuwa shujaa gazeti lilelile linasema kashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Na kwa Cherry na Randy, Bob hajafufuka. Kuna barua ya Johnny mwisho kabisa inayosema maisha ya wale watoto yalistahili yake, lakini hiyo ni hesabu yake yeye kuhusu kifo chake, mtoto asiibebe kwenda kulipia kifo cha Bob.

Ponyboy ndo mgumu, mpe ukurasa mkubwa kuliko wote. Mwanzo anatetemeka, kanisani analia, anarudi, anaenda kwenye pigano akiwa mgonjwa, anamwona Johnny akifa, usiku uleule anamwona Dally akipigwa risasi na polisi akiwa kashika bastola isiyo na risasi. Anaanguka, anakaa kitandani siku kadhaa na homa. Chapta ya 11 iko fupi na maticha wengine wanaipita mbio waende kwenye mwisho, mimi naiona ndo chapta kubwa ya kitabu. Anaangalia picha ya Bob kwenye kitabu cha picha cha shule, anaanza kujiuliza wazazi wake wanajisikiaje, alikuwa mtu wa namna gani, anaunganisha vipande alivyosikia kwa Cherry na Randy. Halafu Randy anakuja kumsalimia na kumwambia atasema ukweli mbele ya jaji. Na Ponyboy anamjibu kwamba aliyekuwa na kisu ni yeye. Yeye ndo kamuua Bob. Na Johnny hajafa.

Watoto wakifika hapo wanadhani wamesoma vibaya, au wanaandika kwamba Ponyboy anadanganya ili kumlinda Johnny. Hadanganyi, ANAAMINI. Rudi sasa kwenye ile alama ya penseli chapta ya nne, huyu alizimia, hakuona kitu, kichwani mwake kuna shimo pale ambapo mtu alikufa, na kichwa kikapaziba na kitu chenye kuuma kidogo zaidi. Akiwa yeye ndo muuaji basi Johnny hakuhitaji kukimbia, hakuhitaji kuwa kanisani, hakufa. Muulize mwanao taratibu, ungekuwa wewe ungechagua lipi? Usimjibie. Kaa kimya hata kama sufuria inaungua.

Baada ya hapo ni mahakamani chapta ya 12, na jaji hamuulizi Ponyboy chochote kuhusu kifo cha Bob. Anamuuliza kama anapenda kukaa na Darry, anapenda shule, vitu hivyo, kwa sababu daktari alishaongea na jaji mapema. Cherry, Randy na wengine wote wameshasema aliyeua ni Johnny. Anaachiwa arudi nyumbani. Mtoto ataona ni mwisho mwema, muonyeshe kinachofuata: anasahau vitu, hali chakula, anafeli masomo, kuna siku Socs wanamfuata anavunja chupa na kuwatishia bila hata moyo kumdunda. Rafiki zake wanaogopa. Halafu anainama anaokota vile vipande ili gari la mtu lisipate pancha. Hivyo vitendo viwili viandikwe pamoja, kimoja kinaonyesha nini kimekufa ndani yake na cha pili nini bado kipo.

Kuhusu sheria, kwa sababu lazima swali litoke, "kama alikuwa anajihami kwa nini walikimbia?" Mtoto ajibu kwa mambo ya wakati ule, siyo ya sasa. Oklahoma ilimuua mtu kwa kiti cha umeme Agosti 1966, miezi minane tu kabla kitabu hakijatoka, kwa hiyo hofu ya Ponyboy siyo ya kitoto. Na haki ya mtoto kuwa na wakili mbele ya mahakama ya watoto ilitambuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Gault tarehe 15 Mei 1967, kitabu kilishatoka wiki tatu nyuma, na kesi yenyewe ilimhusu kijana wa miaka 15 wa Arizona aliyepelekwa shule ya kurekebisha tabia mpaka afike miaka 21 kisa simu ya matusi. Sasa Johnny, maskini, anapigwa kwao, ana kisu chenye damu na maiti ni mtoto wa tajiri, angemkimbilia polisi gani? Sentensi mbili za namna hiyo kwenye insha zinamtofautisha na darasa zima. Aweke pia kwamba Johnny hakujihami yeye tu, alikuwa anamwokoa mwenzake aliyezamishwa.

Ikifika kuandika, mzuie asianze na "kifo cha Bob kiliwabadilisha sana wahusika". Kila mtoto anaandika hiyo. Aanze na kitu mtu anaweza kukibishia, mfano, "Ponyboy anaona heri ajiite muuaji kuliko kukubali Johnny hayupo." Halafu afungue daftari, ushahidi umo tayari: kuzimia chapta ya nne, kukataa kwamba Johnny kafa chapta ya 10, Randy chapta ya 11, chupa chapta ya 12. Kila aya ushahidi mmoja na maneno yake mwenyewe kueleza kwa nini unaonyesha hivyo. Nukuu ziwe fupi, maneno sita saba, asijaze ukurasa kwa maneno ya Hinton. Wewe kazi yako ni kumwambia akusomee kwa Kiswahili alichoandika kwa Kiingereza, akishindwa kukueleza kwa Kiswahili mara nyingi hata hicho Kiingereza hajakielewa.

Jambo moja zaidi na hili ni kwa familia zilizopitia Nyarugusu, Kakuma na kwingine kama huko, au zilizokimbia Kivu na Burundi. Kuna watoto wetu damu na kukimbia usiku siyo stori kwao, na ticha hawezi kujua usipomwambia. Chapta za nne, sita, tisa na 10 ndo nzito. Ukiona mtoto anagoma kusoma, halali, au anakuwa mkali ghafla wiki hizo, usimpige mkwara wa uvivu kwanza. Nenda shule kabla hawajafika chapta ya nne, ongea na ticha na mshauri wa wanafunzi, omba asome pembeni au apewe kitabu kingine, wanakubali. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili, shule za umma zinatakiwa kisheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa na hulipi hata senti. Mwombe siku kadhaa kabla ya kikao ili wampate, na usikubali mtoto mwenyewe ndo akae katikati kutafsiri mambo yake.